Kilio Kilichokosea Mlango

Kawajense, Mpanda

Wifi yangu Mbuke,

Barua hii anaileta mwanao Masanja. Nimemwambia akifika asifungue mdomo mpaka binti yako Kabula aisome yote, na Kabula asome taratibu, asiruke mistari kama kawaida yake akiona maneno mengi. Mayu, mama yetu, akae karibu asikie. Kama amelala msimwamshe, msubirini.

Nawauliza hali nyie wote mliokaa hapo. Mguu wako wa kushoto, wifi, bado unavimba? Ng'ombe mwekundu amezaa? Viazi mmevuna au ngedere wamewatangulia tena? Sisi huku tunapumua. Kaka yako Mzee Daudi anakula kidogo, anatembea mpaka zizini na kurudi, kifua kimetulia. Mimi nina magoti, na hayo si habari, mnayajua.

Mwandiko mtauona mgeni. Mjukuu wangu Holo aliyekuwa akiniandikia ameolewa Karema, ziwani, anakula samaki na kunisahau. Anayeandika sasa ni mpangaji wetu, kijana wa mbali sana, Kiswahili amekijulia hapa hapa uani kwangu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshe. Na yatakayomhusu yeye ayaandike vilevile, hata yakimuuma.

Nianze na yeye, maana bila yeye hamtaelewa.

Mnakumbuka nilishawaambia tumepangisha vyumba viwili vya uani kwa vijana wa dini, wale wanaoitwa Wamormoni. Wako wawili. Shati jeupe, tai, kibao cheusi kifuani chenye jina. Shati jeupe, wifi, kwa vumbi la Mpanda. Jumatatu wakifua, maji yanatoka mekundu kama wamechinja. Hawaachani hata kidogo. Mmoja akiwa chooni, mwenzake anasimama pale kwenye mpapai anaangalia mbingu. Mmoja ni Mzungu, anaitwa Harisi. Mwingine ni mweusi kama sisi, katoka Nijeria, jina la ukoo wao ni David. Wanatumwa wakiwa na miaka kumi na tisa, wanaacha nyumbani miaka miwili mizima, na kule wanakotumwa kila mmoja anaitwa Mzee. Ndiyo cheo chao. Mzee Harisi na Mzee David.

Siku ya kwanza nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwuliza huyu wa Nijeria, "Mzee nani? Ndevu ziko wapi?"

"Bibi, ni cheo cha kazi."

"Kazi gani?"

"Kuhubiri."

"Haya Mzee, nenda kaoge kwanza, umenuka safari."

Kaka yako ndiye aliyefurahi. Alisema, "David si ndiyo Daudi? Basi wewe somo yangu." Tangu siku ile wanaitana somo. Mwenye mvi anamwita mtoto somo, na mtoto anaitika. Jioni walikuwa wanakaa zizini, kaka yako anamfundisha majina ya ng'ombe kwa rangi, yeye anaandika kwenye kidaftari.

Mimi nilichelewa kumpenda. Asubuhi ya kwanza niliwapelekea chai, wakakataa wote wawili. Nikarudi jikoni nimevimba. Mtu akikataa chai yangu anadhani nimeweka nini? Mzee David akanifuata, akachuchumaa kwenye moshi na lile shati lake, macho yanamtoka machozi, akanieleza kwamba dini yao hairuhusu majani ya chai wala kahawa, lakini maziwa ya moto atakunywa hata ndoo. Mtu wa kunywa maziwa kwangu amefika nyumbani. Kuanzia hapo kikombe chake kinachemka kila asubuhi pamoja na cha kaka yako.

Kazi yao ni mbaya, wifi. Si kwa jasho tu, kwa kukataliwa. Wanaamka mapema wanasoma vitabu vyao, halafu baiskeli, Kawajense yote, mpaka Ilembo kwenye mashamba. Hodi, karibu. Wakitaja dini tu, watu wanakumbuka wana maharage motoni. Wengine wanawatania, "Wazee wa baiskeli, wajukuu hawajambo?" Wanarudi midomo imepauka. Yule mjane wa nyuma yetu, mama Rehema, walimfyatulia matofali siku nyingi akajenga jiko, akawapikia ugali akawashukuru, na kanisani kwao hakuja. Jumapili sebule yao inakaa watu watano, na mmoja ni mimi, naenda kwa huruma, nasinzia. Sikubatizwa kwao, msije mkasema.

Jumatatu wakishafua wanaandika barua za nyumbani. Simu hawapigi ila mara mbili kwa mwaka, ndiyo sheria yao. Mzee David alimwandikia mama yake kila Jumatatu bila kukosa, anakaa pale kwenye kinu kilichopinduliwa. Ya mama yake kuja ilikuwa inachukua mwezi, hata miwili. Ikifika ananisomea. Mama yule alikuwa na mdomo kama wangu. Alimwuliza kama anakula, kama huyo bibi wa nyumba ni mkali. Nikamwambia mjibu ni mkali.

Sasa nafika palipo na mwiba.

Mwezi juzi, mvua zimekata reli, gari la moshi haliendi, alikuja hapa Lameki. Lameki ndiye anayekaa na redio koo kwenye uwanja wa mbao, ile redio ya kusemeshana, unasema halafu unasema ova. Watu wenye habari ya haraka hupitishia kwake. Nilikuwa nachambua mchicha. Akasimama hakai.

"Bibi, Mzee Daudi yupo?"

"Yuko zizini. Una nini?"

"Nimepokea habari yake. Si nzuri. Mama yake amefariki."

Alikuwa ameandika kwenye karatasi ya boksi la sigara. Akanisomea: Mzee Daudi, mama amefariki, apige simu ofisini. Nikamwuliza imetoka wapi. Akasema Dar es Salaam. Nikasema Dar mbona mbali, mama mkwe wangu yuko Maswa. Akasema, "Bibi, habari siku hizi zinazunguka." Nikamwuliza tena, "Ofisini wapi? Mzee Daudi ofisi yake ni zizi." Akasema labda ofisi ya kata huko kwenu.

Wifi, hapo nilikuwa nimeushika ukweli mkononi, nikauweka chini nikaenda kulia. Nyumba ina Mzee Daudi wawili. Nilijua. Kila siku nilikuwa nachekea jambo hilo. Lakini mtu akisema Mzee Daudi amefiwa na mama, mimi namwona mwenye mvi. Mama yake ana miaka mingi, kufa kwake kunaingia akilini. Mama wa mtoto haniingii.

Nikaenda zizini. Nilimwambia kwa mdomo wangu huu. Kaka yako akakaa pale pale kwenye mavi ya ng'ombe. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu, "Nani alimfumba macho?" Nikasema sijui, labda Mbuke. Akasema, "Ilikuwa kazi yangu."

Reli imekatika, barabara tope, tusingefika. Tukaweka matanga hapa hapa. Majirani wakaja, Wapimbwe, Wafipa, Wakonongo, kila mtu na unga wake. Nilimnyoa kaka yako mwenyewe, nikanyolewa na mimi.

Na huyu kijana, wifi. Waliacha kuhubiri siku zile zote. Alivua tai, ndiyo siku ya kwanza nimeona shingo yake. Alichota maji kisimani tangu kunapambazuka, mapipa yote. Alipasua kuni mpaka mikono ikatoka malengelenge. Halafu akakaa kwenye mkeka pembeni ya somo yake, amemshika mkono, hamwachii. Alipoombwa kusali alisema, "Mungu, mpokee mama huyu, alizaa mtu mwema." Na akalia. Alilia mpaka mama Rehema akaninong'oneza, "Huyu mbona anampita mwenye msiba?" Nikamwambia, "Ana moyo laini, mwache."

Nilimwuliza mwenyewe nikiwa nampa uji. "Mzee, unalia nini mtu usiyemjua?"

"Sijui, bibi. Nimemkumbuka mama. Barua yake imechelewa."

Hapa ameacha kuandika. Tumengoja kidogo. Sasa anaendelea.

Tukaanua matanga. Wiki zikapita, reli ikatengenezwa, na Jumamosi moja nikasikia hodi, ni Masanja huyu mwanao, na kiroba cha michembe, viazi vitamu vya kukausha. Kaka yako alikuwa kajikalisha ukutani, kichwa kinang'aa. Masanja akamtazama, akanitazama na mimi.

"Mjomba, mmefiwa na nani?"

"Usinitanie, Masanja. Bibi yako."

"Bibi yangu yupi?"

"Mama yangu. Una bibi wangapi kwetu?"

"Mjomba, hii michembe kakata yeye. Nimemwacha anagombana na kuku. Kaniambia nikuulize kwa nini hutumi hata salamu."

Kaka yako akachukua mchembe mmoja, akaugeuza, akaunusa. Akaanza kucheka, halafu kicheko kikageuka, akawa analia kile kilio ambacho hakukilia kwenye matanga. Nami nafurahi, nampigia Mungu magoti yangu haya mabovu, mayu yuko hai. Nikiwa bado chini, likanijia lile neno la kwenye karatasi ya Lameki, ofisini.

Nilikwenda kwenye sanduku, nikatoa ile karatasi ya Lameki. Wale vijana walikuwa ndio wanaingia na baiskeli. Nikampa Mzungu, Mzee Harisi, sikuweza kumpa mwenyewe. Nikamwambia, "Soma. Nyie mna ofisi Dar?" Alisoma, uso ukawa kama majivu. Mzee David akamnyang'anya. Akasoma. Aliuliza jambo moja tu, "Imekuja lini?" Nikamwambia siku ile. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akafika mwisho wa vidole, akaanza upya.

Alipiga simu. Mama yake alikuwa ameshazikwa. Walimngoja apige, siku zikaisha, wakaona amepata habari akaamua kunyamaza. Kaka yake mkubwa akamwambia, umemtupa mama kwa ajili ya baiskeli. Ofisi yao nayo ilidhani hivyo hivyo, kwamba anataka kuachwa na huzuni yake. Wakamwambia sasa akitaka kurudi nyumbani, tiketi ipo. Alisema atafikiri.

Alirudi hapa hanitazami. Wifi, nimezika watoto watatu mwenyewe, mnajua, lakini sijawahi kuona kitu kama kile kikombe cha maziwa. Kila asubuhi nilikiweka mlangoni kwake, na kila asubuhi nilikikuta palepale, kimeganda utando juu. Hakunitukana. Angenitukana ningepona. Mzungu alikunywa chake kwa aibu, akainamisha kichwa. Begi nililiona kitandani, limefunguliwa, nguo hazijaingia wala hazijatoka.

Kaka yako alikwenda kusimama mlangoni kwake, na mkongojo. Nilisikia nikiwa jikoni.

"Somo, nimekula kilio chako."

Akauegemea mlango kwa bega.

"Nilikalia mkeka wako. Nikanyolewa nywele zako. Watu waliniletea mimi unga wa mama yako. Sina namna ya kukurudishia. Ukinipiga sitakwepa."

"Nenda ukalale, mzee," ndivyo alivyomjibu. Hakumwita somo. Kaka yako alirudi, na uzee wote ulimwangukia katika zile hatua chache za kurudi ukumbini.

Siku chache baadaye ikaja barua. Ya mama yake. Aliitia posta akiwa mzima, ikazunguka huko ilikozunguka, ikafika mwenyewe hayupo. Mzungu ndiye aliyeileta, ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Mzee David aliipokea akaingia ndani nayo, akafunga mlango. Nikasema basi, leo anapanga begi.

Asubuhi yake alikuja jikoni. Mkono mmoja wembe, mkono mwingine ile barua, haijafunguliwa. Akachuchumaa kwenye moshi kama siku ile ya chai.

"Bibi, ninyoe."

Nikapasha maji. Nilimnyoa taratibu, nikamkata kidogo nyuma ya sikio. Nilipofika utosini ndipo alipozungumza.

"Nimefikiri sana. Maji nilichota. Kuni nilipasua. Nilisali. Watu walikuja, waliimba, nikalia mpaka sauti ikakauka. Kazi ya mtoto wa marehemu niliifanya yote, sikuambiwa tu jina." Akajifuta maji shingoni. "Basi nilikuwepo, bibi."

Nikamfuta kichwa kwa khanga yangu.

Halafu akanipa ile barua. Akasema, "Nikiisoma leo, mama atakuwa amemaliza kuzungumza na mimi. Nitunzie mpaka siku yangu ya kuondoka, miezi saba imebaki, nitaimaliza kazi." Nikamwuliza kwa nini asimpe mwenzake, kijana mwenye akili, mwenye sanduku la kufuli. Akasema, "Nimekuchagua wewe kwa sababu hujui kusoma."

Maisha yangu yote nimechekwa kwa hilo, na nyie mmenicheka. Siku hiyo nilishukuru sikupelekwa shule. Barua iko sandukuni, chini ya kitenge nilichoolewa nacho. Nikamchemshia maziwa akanywa, akaomba ya pili. Jioni nikamsikia zizini anaita, "Somo, huyu wa madoa anaitwaje vile?"

Sasa wewe, mayu. Kabula, inua sauti, bibi yako asikie.

Mayu, tulikulilia ukiwa hai. Mwanao ameona vibaya, anaogopa utasema tumekuita kaburini, ndiyo maana nimemwambia mimi nitasema. Kosa ni langu, karatasi niliipokea mimi. Kilio kile tulikulilia kwa moyo, nakuapia, nililia na ule ugomvi wetu wa mwaka tulipohama na ng'ombe, nikausamehe wote. Lakini hatukurudishii. Tumempa mama wa huyu kijana, ni chake, amekichukua. Kwa hiyo wewe kilio chako hakipo tena, itabidi tuanze upya, na sisi tumechoka, nywele hazijaota. Usifanye haraka. Ukikasirika, gombana na kuku.

Mwanao atakuja mvua zikiisha. Anataka akuone kwa macho, haamini michembe peke yake.

Wifi, nisalimie shemeji, mumeo, mwambie ugoro nimepata, asante. Nisalimie wakwe zangu wa kule juu, na yule mkunga aliyenipokelea wanangu kama bado anaona. Wajukuu wote uwashike vichwa kwa niaba yangu, mmoja mmoja. Kabula, asante kwa kusoma, ukiolewa mbali usifanye kama Holo. Masanja mpeni chakula kwanza kabla ya maswali. Mama Rehema jirani yangu anawasalimu ingawa hawajui. Wazee Daudi wote wawili wanawasalimu, vichwa vyao ni vya aina moja, ukiwakuta wamekaa zizini kwa mbali huwezi kuwatenganisha.

Mtauliza kwa nini nimempa kazi hii kijana huyu, aandike msiba wake mwenyewe kwa mkono wake, wakati mwenzake Mzungu naye anajua kuandika. Leo ni Jumatatu. Nguo zimeshaanikwa. Nilimwona amekaa kwenye kinu, kalamu ameitoa kwa mazoea, karatasi iko magotini, na hana wa kumwandikia. Nikamwita nikamwambia njoo, mimi nina mama yuko mbali, tumwandikie huyo.

Kila Jumatatu anapita mlangoni pa jiko. Ile barua ya mama yake hataki kuiona. Anauliza tu, "Bibi, ipo?" Namwambia, "Ipo."

Leo bado hajauliza.

Hapa chini nimebonyeza dole gumba langu kwa masizi ya sufuria ya maziwa. Ni mimi, mke wa kaka yako,

Minza

Ameuliza. Nimemwambia ipo.